Jiwe Nililolibeba Kichwani Mpaka Zahanati

Bwana asifiwe, ninyi mnaosoma kwa macho yenu na ninyi mnaosomewa! Kabla hamjaendelea, tazameni kwanza mikono yenu. Igeuzeni, viganja juu, kisha viganja chini. Kama ni safi mshukuruni Mungu papo hapo mlipoketi, maana mimi niliishi karibu miaka mitatu nikiificha yangu ndani ya kanga kama mtu aliyeiba.

Jina langu ni Domitila, mjane wa Faustini wa Ndama. Nilizaliwa Kimuli, kwa mzee Bernardo na mama Paskazia, watu ambao asili yao ni ng'ambo ya mto, Rwanda. Siku hizo Kyerwa, iliko Kimuli, ilikuwa bado haijawa wilaya, sote tulikuwa Karagwe. Shule niliishia darasa la pili, na kalamu hii nilipewa na elimu ya watu wazima. Mkikuta kosa, lirukeni mwende mbele.

Ndugu zangu, niliolewa Ndama kabla ya vita vya Amini. Nyumba niliyoingia ilikuwa ya mama mkwe wangu, mama Felista, mjane, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Asubuhi yangu ya kwanza pale aliniita nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa kuogea, akaniketisha, akaniosha miguu yeye mwenyewe. Alinisugua kwa jiwe la nyumba ile. Lilikuwa jeusi, jepesi, lenye matundu matundu, na baba mkwe alilileta kutoka Rwanda upande wa milima ya moto, zamani alipokwenda kutafuta ng'ombe. Wote pale walisugulia jiwe hilo moja. Akaniambia, sasa miguu yako ni ya hapa. Kwa nyumba ile ilikuwa hivyo: mwanamke akiwa na jiwe lake pembeni, maana yake moyo wake umekwisha kuhama.

Nami nikawa wa pale kweli. Nilimenya ndizi haraka kuliko wanawake wote wa mtaa ule, utomvu ukinitiririka mpaka viwiko. Mungu akanipa watoto wanne, Yusta, Deogratias, Kristina na Pontiani. Na kila jioni, baada ya kula, mama mkwe alipenda kutafuna kahawa. Nilipiga magoti mbele yake, punje nikaziweka kwenye kiganja changu, naye akazichukua moja moja kwa vidole vyake. Hatukuwa tukisema kitu. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu katika nyumba ile, kuliko hata pete.

Vita vilikuja, vikapita, tukarudi mashambani. Na katikati ya miaka ya themanini ndipo lilipotokea chunjua la kwanza. Lilikaa kando ya ukucha wa dole gumba la kulia, mahali kisu cha kumenyea kilipokuwa kimenikata. Dogo, gumu, kama punje ya mtama. Sikulijali. Baada ya muda yakawa matatu. Nikachukua wembe nikayakata mwenyewe, damu ikatoka nyingi, na pale damu ilipopita yakaota mengine. Mzee Ildefonsi, jirani, akanifunga unywele wa mkia wa ng'ombe ili yanyauke. Kidole kikavimba, chunjua likabaki. Nikapaka utomvu wa mti unaouma macho, ngozi ikaungua, nikakosa usingizi kwa uchungu. Yakafika kumi na moja, mkono wa kulia saba na wa kushoto manne. Nayakumbuka kila moja mahali lilipokaa.

Ndugu zangu, mnakumbuka miaka ile hapa Kagera. Mnakumbuka tulivyokuwa tunazika. Mtu akiota kipele shingoni, watu walihesabu miezi yake. Hatukuwa tunautaja ule ugonjwa kwa jina, tulitazamana tu. Basi watu wakaanza kunitazama mikono. Kanisani, wakati wa kupeana amani, aliyeketi karibu nami aliinama ghafla kama anayetafuta kitu chini ya benchi. Mimi nikajifunza kuweka mikono ndani ya kanga kabla hawajainama.

Wifi yangu Odilia, dada yake Faustini, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika, ndiye alikuwa na ulimi. Siku moja nikimenya ndizi alisema mbele ya wanawake wawili, "Shemeji zetu wa Kimuli wana ardhi nzuri. Tazameni, hata vidoleni yanaota mahindi." Wale wanawake walicheka. Nami nilicheka, maana ningefanya nini?

Jioni ile nilipiga magoti kama kawaida, nikamwekea mama mkwe kahawa kiganjani. Aliitazama. Akasema taratibu, "Weka kwenye kikapu, Domitila. Nitachukua mwenyewe."

Nikaweka kwenye kikapu. Ndugu zangu, hakunitukana, wala hakunipigia kelele. Lakini nilisimama pale nikajua kwamba nimekufa katika nyumba ile nikiwa hai! Kesho yake Odilia ndiye aliyeambiwa amenye ndizi. Mimi nikapewa kazi ya kuchota maji na kulima. Mwanamke wa kwetu asiyemenya ndizi jikoni kwake ni mgeni anayesubiri kusindikizwa.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikasema, hapana. Mungu hakunileta kutoka Kimuli nije nifie kwenye kikapu cha kahawa. Nikamwambia Faustini nakwenda zahanati. Yeye alikuwa mtu mpole, mpole mpaka inakera. Akasema, nenda.

Ilikuwa zahanati ndogo, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na tabibu wake aliitwa Zebedayo, mtu wa Muleba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilikaa kwenye foleni mikono ikiwa kangani. Nilipoingia akaniambia nitoe mikono. Nikatoa mmoja. Akasema, na mwenzake. Kisha akaishika yote miwili kwa mikono yake, bila kitu chochote katikati, akaigeuzia dirishani kwenye mwanga. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika kwa muda mrefu. Machozi yakanitoka kabla hajasema neno.

Akasema, "Mama, haya ni machunjua. Si laana, wala si ule ugonjwa unaouogopa. Ni machunjua tu."

Nikamwambia arudie. Akarudia!

Kisha akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Alisema ni kijidudu kidogo mno kinachoingia penye mkwaruzo wa ngozi. Akasema mwilini mwa watu wengi yanaondoka yenyewe, lakini yanaweza kukaa mwaka, hata miwili au zaidi, na kuyakata kwa wembe ni kuyasambaza. Akasema kwenye hospitali kubwa za mbali wanazo dawa za baridi kali za kuyagandisha. Akafungua kabati lake, akatoa kikopo kidogo cha marhamu. "Sisi hapa tuna hii," akasema, "na uvumilivu. Hii nitakupa mimi. Huo uvumilivu utautoa kwako."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila jioni niloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu. Nisugue chunjua kidogo kwa jiwe, ile ngozi nyeupe iliyolainika itoke, nisijitoe damu. Nipake mafuta ya mgando pembeni ili ngozi nzima isiungue, kisha marhamu juu ya chunjua lenyewe, nifunge kitambaa safi. Kesho tena, na kesho kutwa. Akasema inaweza kuchukua miezi mitatu, nisihesabu siku. Na mwishoni, nikiwa tayari mlangoni, akasema, jiwe liwe lako peke yako, mama.

Nilisikia. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, nilisikia vizuri. Lakini nilijua maana ya jiwe la peke yako katika nyumba ya mama Felista! Mwanamke aliyekwisha ondolewa jikoni, akija na jiwe lake mkononi, amejifungia mizigo mwenyewe. Nikasema moyoni, tabibu ni mtu wa Muleba, hajui ya nyumba yetu. Nikatumia jiwe la nyumba. Kila jioni, wenzangu wakimaliza kuoga, nililichukua nikasugua, nikalisuuza, nikalirudisha mahali pake.

Majuma sita nilifanya hivyo bila kuacha hata jioni moja. Mvua ikinyesha, nafanya. Nikitoka shamba mgongo umekatika, nafanya. Na machunjua yakaanza kupungua. Mawili ya mkono wa kushoto yakalainika, yakaisha. Nikaanza kuimba tena nikichota maji.

Ndipo Kristina, binti yangu, akaja ananionyesha wayo. Kisigino kilikuwa na doa gumu, na katikati yake vitone vyeusi. Juma lililofuata Pontiani. Na baada ya hapo mama mkwe mwenyewe akaanza kuchechemea. Lilikuwa chini ya mguu wake wa kulia, mahali pa kukanyagia, akikanyaga ni kama amekanyaga kokoto.

Nyumba ikawaka. Odilia akasema kila aogaye hapa anaota, na mwenye kuota wa kwanza tunamjua. Akamwambia kaka yake mbele yangu anirudishe Kimuli kabla sijawamaliza. Faustini alitazama chini. Mama mkwe akasema nimalize juma lile, Jumapili baada ya ibada nisindikizwe kwetu nikapumzike. Watoto wabaki. Ndugu zangu, watoto wangu wanne wabaki!

Nilikwenda kwa mama Leokadia, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Sasa amelala katika Bwana, na nilimpenda, kwa hiyo siandiki haya kumsema vibaya. Aliniombea kwa machozi, mkono wake juu ya kichwa changu. Kisha akasema, "Domitila, huwezi kuomba kwa mkono mmoja na kupaka marhamu kwa mkono mwingine. Katupe kile kikopo, uone Mungu atakavyofanya."

Nilirudi nyumbani nikakichukua. Nikaenda nacho mpaka mlango wa choo. Nilisimama pale na kikopo mkononi, nikasema, Bwana, kama unataka nitupe, natupa sasa. Lakini niambie ni nani amewapa watoto wangu machunjua haya. Kama ni mimi, niambie.

Wala sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sitaki kuwadanganya. Kilichonijia ni maneno ya tabibu Zebedayo, nilivyoyasikia nikiwa mlangoni. Jiwe liwe lako peke yako, mama. Na maneno ya Odilia, kila aogaye hapa anaota. Nikageuka nikalitazama lile jiwe kwenye uzio, limekaa mahali pake, jeusi, kila tundu lina unyevu. Nikajua.

Kikopo sikukitupa. Kesho yake, ilikuwa Ijumaa, niliamka mapema, nikaliweka jiwe ndani ya kikapu, nikalifunika kwa jani la mgomba, nikajitwika. Nililibeba mwendo wa saa mbili. Njiani watu walinisalimia, mmoja akauliza nauza nini. Nikamwambia siuzi, napeleka mgonjwa.

Tabibu aliponiona nafunua kikapu alivua miwani. Akauliza, "Mama, huyu umenibebea anaumwa wapi?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza habari za nyumba yetu, za jiwe, za baba mkwe na milima ya Rwanda. Nikamweleza kwamba nilimsikia na sikutii. Hakunigombeza. Alisema ndiyo, linaweza kuwa limebeba wadudu kutoka mikono yangu mpaka kwenye nyayo zao, hasa penye visigino vilivyopasuka. Akasema nilitupe shimoni, na kila mtu awe na lake. Akauliza kama mama mkwe ana kisukari au ganzi ya miguu, nikasema hana. Akanipa vikopo viwili. Akasema juma lijalo angepita na baiskeli amwone mwenyewe.

Nilipokuwa natoka nikamwuliza jambo la mama Leokadia. Nikasema, tabibu, je, marhamu ni ukosefu wa imani? Akafikiri kidogo akaniambia, "Mimi naomba kila asubuhi kabla ya kufungua zahanati. Nikimaliza kuomba, nafungua."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinifungua mimi pia! Nilirudi njia nzima naimba. Nilipofika bondeni, kwenye kijito, nikaingia majini nikatafuta mawe ya kukwaruza. Nikachagua tisa, moja kwa kila mtu wa nyumba ile na moja la mgeni. Kikapu kikawa kizito mpaka shingo ikalia. Sikupumzika. Nilisema, leo ama nafukuzwa na ukweli wangu, ama nabaki nao. Kubaki na uongo sitaki.

Walikuwa uani, Faustini, Odilia, mama mkwe na watoto. Nikatua kikapu, nikapiga magoti. Nikalitoa lile jiwe jeusi nikaliweka mbele ya mama mkwe. Nikasema ni mimi. Nikasema tabibu aliniambia niwe na jiwe langu, nami nikaogopa mtasema nimehama, nikasugulia hili mikono yangu, nikawapa ninyi. Sikuwaroga, lakini nimewapa. Kama ni kunirudisha Kimuli, nirudisheni kwa kosa hili, msinirudishe kwa laana ambayo sina.

Nikayapanga yale mawe tisa chini. Nikawaambia tabibu amesema kila mtu na lake, na hili la zamani liende shimoni.

Odilia alifungua mdomo. Mama mkwe akainua kidole, naye Odilia akaufunga. Kisha yule mama akalichukua jiwe la mume wake, akaligeuza geuza, akalipangusa kwa kanga yake. Mimi nilidhani analia. Akainuka, akachechemea mpaka chooni, hakutaka mtu amsaidie. Tulisikia lilivyodondoka.

Akarudi, akakaa. Akatazama mawe yale akachagua moja, la kijivu. Akaninyooshea.

"Ulipokuja hapa nilikuosha miguu," akasema. "Basi, leo unioshe wewe."

Oh, Bwana asifiwe! Nilileta maji ya vuguvugu. Nilimwosha, nikamsugua taratibu kama tabibu alivyonifundisha, nikapaka mafuta pembeni, marhamu katikati, nikafunga kitambaa. Odilia alisimama akitazama, kisha akachukua jiwe moja akaenda nalo ndani. Jumapili ilifika, tukaenda ibadani, tukarudi, na hakuna mtu aliyetaja Kimuli.

Tabibu alipita kama alivyoahidi. Aliona miguu yote, akasema tuendelee. Tukaendelea! Kila jioni, kwa zaidi ya miezi mitatu, nyumba ile ilikuwa kama zahanati. Nilianza na miguu ya mama mkwe, nikaja kwa Kristina, nikaja kwa Pontiani, mwisho mikono yangu. Kulikuwa na jioni ambazo niliona hakuna kinachobadilika. Kulikuwa na jioni Pontiani alikimbia kwenye migomba akaitwa mpaka sauti zikakauka. Sikuacha. Nilikuwa naomba nikisugua. Mkono mmoja ukiomba, mwingine ukipaka, na Mungu wangu hakukasirika.

La Pontiani lilikwisha kwanza, kisha la Kristina. La mama mkwe lilichelewa, lakini siku moja alitembea mpaka kwa jirani na kurudi, na akarudi bila kuchechemea. Yangu yalikuwa yamebaki moja tu, lile la kwanza kabisa, la kando ya ukucha. Sugu. Kila siku linanitazama.

Jioni ile ile nilileta kikapu cha kahawa, nikakiweka mbele yake kama nilivyozoea tangu aliponiambia. Nikageuka niondoke.

Akasema, "Domitila. Kikapu hakina mikono."

Nikarudi. Nikapiga magoti. Nikaweka punje kiganjani, na dole gumba lilikuwa pale pale mbele ya macho yake, na chunjua lake juu. Aliliona. Nawaambia aliliona, maana alilitazama. Kisha akachukua punje moja, akaitia mdomoni. Akachukua ya pili. Akatafuna mpaka kiganja kikabaki kitupu, na kesho yake nikasikia akimwambia Odilia ampishe mwenye jiko amenye ndizi.

Ndugu zangu, nilidhani wokovu wangu utakuja siku mikono itakapokuwa safi. Lakini Bwana alinitoa kifungoni chunjua likiwa bado lipo! Alinitoa siku nilipobeba kosa langu kichwani hadharani, mchana, nikalipeleka kwa mtu wa kunisaidia, nikalirudisha kwa niliowakosea. Na lile la mwisho nalo liliondoka. Siku gani, mimi ninayekumbuka kila moja mahali lilipokaa, sikumbuki. Nilikuwa namenya ndizi, nikatazama dole gumba, halipo.

Namshukuru Mungu kwa tabibu Zebedayo aliyenishika mikono kabla hajajua nina nini. Namshukuru kwa mama Felista, niliyemfunga macho kwa mikono hii hii siku alipolala. Namshukuru kwa Odilia, ambaye tulizeeka pamoja, na mpaka leo ananitania habari za mahindi.

Na wewe unayesoma ukiwa umeficha kitu ndani ya kanga, mkono, mguu, au jambo la moyoni, nakuita. Mwamini Yesu, kisha uinuke uende. Usikate kwa wembe, usitupe kikopo, usione aibu kusema ni mimi. Itakuwa polepole, jioni kwa jioni. Vumilia! Na siku ukipita Ndama, ulizia kwa bibi Domitila. Lile jiwe la tisa, la mgeni, bado lipo. Nitakupa maji ya vuguvugu unawe, na kahawa utaichukua kiganjani kwangu.